Jina, Mahali na Mama: Lugha katika Utafutaji wa Familia za Asili za Watoto Chotara wa Ruanda-Urundi na Kongo ya Kibelgiji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna lugha inavyosaidia au kukwamisha juhudi za watu waliotenganishwa na mama zao utotoni, katika Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, wanapotafuta familia zao za asili. Mjadala umejikita katika majina ya watu, majina ya mahali na istilahi za ujamaa. Hoja inayojengwa ni kwamba kumbukumbu zilizohifadhiwa Ulaya ziliandikwa kwa mfumo wa kutaja watu usiokuwa wa wale waliopoteza watoto. Hivyo, mtafutaji anayelisoma jina kama lebo tu hupoteza habari ambayo jina lenyewe limeibeba. Aidha, makala yanaonesha nafasi ya Kiswahili, ambacho katika suala hili kimekuwa chanzo cha mkanganyiko kwa upande mmoja na daraja kwa upande mwingine.

Utangulizi

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Ubelgiji, watoto wapatao 300 waliokuwa wakilelewa katika taasisi ya watawa huko Save, kusini mwa Rwanda, walisafirishwa kwenda Ubelgiji. Wengi wao walizaliwa na mama Waafrika na baba Wazungu. Save ni misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1900, na watoto hao walikuwa wamekusanywa hapo kutoka sehemu mbalimbali za Ruanda-Urundi na mashariki mwa Kongo. Walipofika Ulaya, baadhi yao waliasiliwa, wengine wakawekwa katika familia za malezi, wengine katika nyumba za watoto. Mama zao walibaki huku.

Jambo hili halikuwa la Save peke yake. Kongo nzima ilikuwa na misheni zilizopokea watoto waliochukuliwa kwa mamlaka ya serikali. Msingi wa kisheria ulikuwa wa zamani: amri za enzi ya Leopold II, kuanzia mwaka 1890, ziliiruhusu dola kuwa mlezi wa watoto yatima na waliotelekezwa. Tatizo ni kwamba wengi wa watoto tunaowazungumzia hawakuwa yatima, wala mama zao hawakuwa wamewatelekeza. Walifanywa yatima na karatasi.

Historia ya kadhia hii sasa imeandikwa vya kutosha. Kazi ya Assumani Budagwa (2014) kuhusu ubaguzi wa machotara katika Kongo na Ruanda-Urundi, na ile ya Sarah Heynssens (2017) kuhusu watoto wa Save, zimeweka wazi sera na utekelezaji wake. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio mwezi Machi 2018. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kuwa kuchukuliwa kwa wanawake watano waliozaliwa Kongo, wakiwa hawajatimiza umri wa miaka 7, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaagiza kila mmoja alipwe euro 50,000. Mahakama ya chini ilikuwa imelikataa dai lao mwaka 2021.

Kile ambacho hakijaandikwa vya kutosha, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni upande wa lugha. Azimio la mwaka 2018 lilifungua milango ya nyaraka. Watu waliokwisha kufikisha umri wa miaka 60 na zaidi wakapata kuyaona mafaili yao. Lakini faili likishafunguliwa ni lazima lisomwe, na kulisoma si sawa na kujua Kifaransa.

Neno la kwanza lenye taabu limo katika kichwa cha makala haya. "Chotara" lina makali kwa baadhi ya masikio, na "nusukasti" lina makali zaidi. Ninalitumia la kwanza kwa kuwa ndilo lililozoeleka katika Kiswahili cha vitabuni, na kwa kuwa wahusika wenyewe, kwa Kifaransa, wamelichagua neno linalokaribiana nalo na kuliacha lile la kikoloni lililowafananisha na nyumbu. Kuhusu kitenzi "kuasili", kinachotumika katika sheria za Tanzania kwa tendo la kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako, msomaji ataona mwenyewe kwamba kimetoka katika mzizi uleule wa "asili", kitu ambacho mtoto wa Save alinyang'anywa ili aasiliwe.

Jina lisilo la ukoo

Mtu aliyekulia Ubelgiji hutafuta familia kwa jina la ukoo. Anaamini, kwa haki kabisa, kwamba akilipata jina la mama yake atawapata wajomba, na akiwapata wajomba atawapata binamu, kwa kuwa wote watakuwa wamebeba jina moja. Katika Rwanda na Burundi za miaka ya 1940 na 1950 imani hiyo haina msingi. Kwa desturi ya Kinyarwanda na Kirundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba, mama na watoto saba wanaweza kuwa na majina tisa yasiyofanana hata kwa silabi moja. Jina husema jambo: sala ya mzazi, ugomvi na majirani, hali ya siku ya kuzaliwa. Halisemi ukoo.

Msajili wa kikoloni hakuwa na safu ya kuandika jambo la namna hiyo. Alikuwa na safu mbili: jina la ubatizo na jina la ukoo. Akalijaza jina la Kinyarwanda katika safu ya pili, na tangu hapo likaonekana kuwa jina la ukoo. Kwa watoto wengine mambo yalizidi: walibadilishiwa majina, tarehe zao za kuzaliwa zikakadiriwa, na ndugu wa tumbo moja wakapewa majina tofauti na kupelekwa familia tofauti. Baba, ambaye mara nyingi alikuwa anafahamika vyema na ofisi ileile iliyoandika faili, aliandikwa kuwa hajulikani. Mama, akiandikwa, aliweza kuambatanishwa na neno la Kifaransa ménagère, ambalo kwa juujuu ni mtunza nyumba, lakini katika koloni lilikuwa jina la mwanamke Mwafrika aliyeishi na Mzungu bila ndoa. Msomaji wa leo asiyelijua hilo huondoka akidhani mama yake alikuwa mpishi.

Hata hivyo, jina lililobaki katika faili linaweza kuwa na habari kuliko faili zima. Chukua majina ya Kirundi. Bukuru na Butoyi ni majina ya pacha: wa kwanza kuzaliwa na wa pili. Ciza ni mtoto anayezaliwa baada ya pacha. Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane. Sasa mfikirie mtu wa Antwerp mwenye karatasi inayosema kwamba jina lake la zamani lilikuwa Butoyi. Kwake ni neno lenye mlio wa Kiafrika, basi. Kwa yeyote aliyezaliwa Gitega, karatasi hiyo inasema: una pacha wako, alikutangulia kutoka tumboni, anaitwa Bukuru, na huenda baada yenu amezaliwa Ciza. Kasai nako mambo ni hayohayo, ambako pacha ni Mbuyi na Kabanga. Aliyeandikwa Kabanga anapaswa kuuliza habari za Mbuyi kabla ya kuuliza habari za mtu mwingine yeyote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoona kwamba kazi iliyobaki ni ya wanahistoria na maabara za vinasaba. Vinasaba husema fulani ni jamaa yako kwa kiasi fulani. Havisemi uanze kuuliza kwa nani.

Tahajia ni kikwazo kingine, ingawa kinatatulika kwa urahisi zaidi. Katika Kinyarwanda sauti za /l/ na /r/ hazitofautishi maana, na waandishi wa zamani walizichanganya walivyosikia; tahajia ya sasa imeibakiza l katika maneno machache, kama vile Kigali. Kwa hiyo kiambishi cha majina ya kike Nyira- kinaweza kujitokeza kama Nyila-, Nira- au Nila-. Kiambishi Muka- kinaweza kutengwa na shina lake, kikaonekana kama jina linalojitegemea. Majina ya ubatizo nayo yana sura mbili: faili litasema Agnès, kijiji kitasema Anyesi, faili litasema Joseph, kijiji kitasema Yozefu. Na kwa upande wa Kongo kuna mwaka 1972, ambapo sera ya uhalisia ya Mobutu iliwataka raia wa Zaire kuyaacha majina ya Kizungu. Ndugu aliyeachwa akiitwa Albert hakuwa Albert tena, na kumtafuta kwa jina hilo katika daftari za baada ya hapo ni kumtafuta mtu ambaye serikali ilikwisha kumfuta kwa kalamu.

Mahali palipohama bila kuhama

Faili la kawaida hutaja mahali pa kuzaliwa kwa neno moja: Astrida, Usumbura, Kitega, Kisenyi, Shangugu. Astrida ikawa Butare, na tangu mageuzi ya mipaka ya mwaka 2006 ni Huye. Usumbura ni Bujumbura. Upande wa Kongo, Stanleyville, Élisabethville na Albertville zimekuwa Kisangani, Lubumbashi na Kalemie tangu mwaka 1966. Haya yako kwenye ramani na hayamsumbui mtu kwa muda mrefu.

Yanayosumbua ni maumbo ambayo hayaonekani kuwa majina mapya wala ya zamani, na hapa Kiswahili kina mkono wake. Ruanda-Urundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916, na utawala wa Kijerumani uliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili. Askari, wapagazi na wakalimani walitamka majina ya mahali kwa viambishi vya lugha yao, na ramani zikawafuata. Ndiyo maana tunapata Urundi badala ya Burundi na Usumbura badala ya Bujumbura: kiambishi u- cha Kiswahili kimekalia nafasi ya bu-. Kitega na Kisenyi vilevile. Kinyarwanda na Kirundi hufuata Kanuni ya Dahl, ambapo kipasuo cha kiambishi hughunishwa kikifuatiwa na konsonanti isiyo ghuna, hivyo ki- huwa gi- katika Gitega na Gisenyi, lakini hubaki ki- katika Kibuye na Kibungo, ambako konsonanti inayofuata ni ghuna. Kiswahili hakina kanuni hiyo, na karani aliyezoea masikio ya Kiswahili aliandika ki- kotekote.

Kwa mji mkubwa, tofauti hiyo ni ya kuvutia tu. Kwa kilima ni jambo zito. Nchini Rwanda na Burundi watu hawakuishi katika vijiji vilivyokusanyika, bali juu ya vilima, na kilima ndicho anwani. Mtafutaji akipata jina la kilima lililoanza na Ki- na asilipate katika orodha za leo, ajaribu Gi-. Likianza na U-, ajaribu Bu-. Likiwa na l, aweke r. Ni ushauri wa dakika moja ambao ungeweza kuchapishwa katika ukurasa mmoja na kuwekwa mezani katika kila chumba cha kusomea nyaraka, na ninashangaa kuwa haujawekwa.

Baada ya yote hayo, kuna vita. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, pamoja na mauaji na ukimbizi wa miongo kadhaa nchini Burundi na mashariki mwa Kongo, viliwaondoa watu juu ya vilima vyao. Mama aliyeachwa Save mwaka 1959 huenda alifia kambini Tanzania au Kongo. Eneo letu lilikwisha kujua utafutaji wa ndugu kabla ya maombi ya radhi kutoka Brussels: idhaa ya BBC ya Kinyarwanda na Kirundi iliyoanzishwa mwaka 1994 ili kusaidia watu kutafutana iliitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Inafaa kukumbuka kwamba umuryango, katika lugha hizo, ni familia na pia ni mlango.

Mama yupi?

Sehemu hii ninaiandika kwa nafsi ya kwanza, kwa kuwa kosa ninaloeleza nililifanya mimi. Maelezo yanayoweza kumtambulisha mhusika nimeyaacha.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mkalimani wa mwanamke aliyelelewa Flanders, ambaye alikuwa amekuja kusini mwa Rwanda na nakala ya faili lake. Alizungumza Kiholanzi na Kifaransa. Kinyarwanda alichokijua akiwa Save, kwa maelezo yake, kilimtoka katika mwaka wake wa kwanza Ulaya. Alibaki na wimbo mmoja wa watoto ambao hakujua maana yake. Jina la mama katika faili lilikuwa limeandikwa kwa Nila-. Tulizunguka siku mbili tukiuliza kwa Nyira-, na wazee wakatikisa vichwa.

Sababu ilikuja kujulikana siku ya tatu. Hakuna aliyekuwa amemwita mama huyo kwa jina lake kwa zaidi ya miaka 50. Katika jamii zetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto: Mama Fulani. Mama huyu alikuwa ameolewa baada ya mtoto wake kuchukuliwa, akazaa mvulana, na tangu hapo akawa Mama Yozefu. Kwa desturi angepaswa kuitwa kwa jina la mzaliwa wa kwanza. Mzaliwa wa kwanza alikuwa yule aliyekaa nasi kwenye gari. Nilimweleza jambo hilo kwa Kifaransa, kisha nikajuta kumweleza, kisha nikaona kwamba nilikuwa na wajibu wa kumweleza.

Tulipofika, aliyetupokea uani alikuwa bibi mzee sana aliyeketi kwenye mkeka. Alipoambiwa mgeni ni nani, alinyoosha mikono akasema: mwana wanjye. Nikatafsiri: mwanangu. Tafsiri hiyo haikuwa na kosa lolote la kamusi. Mwanamke yule alipiga magoti, akamkumbatia, akamwita mama kwa Kiholanzi mara nyingi, na ilipita zaidi ya robo saa kabla sijaelewa nilichofanya. Bibi yule alikuwa mdogo wake mama. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Katika Kinyarwanda dada wa mama huitwa mama wacu, yaani "mama yetu", na mtoto wa dada yako ni mwana wako. Kiswahili kinafanana nacho: mama mkubwa, mama mdogo, na mtoto wa mama mdogo ni ndugu, tofauti na binamu, neno ambalo kwa asili ya Kiarabu humrejelea mtoto wa ami. Ningelijua swali lililokuwa moyoni mwa mgeni wangu, ningetumia neno la Kifaransa la shangazi. Lakini hilo nalo lingekuwa kosa, kwa upande wa pili: lingemfanya bibi yule jamaa wa pembeni, na Yozefu na watoto wa bibi huyo wangegawanywa, mmoja akawa nusu ndugu na wengine binamu, ilhali wote walikuwa wamekaa pale kama ndugu zake. Mfumo wa istilahi za ujamaa wa Kifaransa, ambao ndio pia wa Kiholanzi, hauna kisanduku cha mama ambaye hakukuzaa wala hakukuasili.

Aliyetuokoa alikuwa mmoja wa wajukuu, kijana aliyekulia Buyenzi, Bujumbura, ambaye lugha yake ya kila siku ilikuwa Kiswahili. Aliona mgeni amechanganyikiwa, akanigeukia: "Mwalimu, mwambie huyu ni mama yake mdogo." Nikaligeuza neno kwa neno, petite maman, kama wasemavyo Wakongo kwa Kifaransa chao. Akalirudia mara mbili. Aliuliza kama maana yake ni mama aliye mdogo kwa umri. Nikamjibu kuwa ni mama, na kwamba "mdogo" linaeleza nafasi yake kwa yule aliyemzaa, wala halipunguzi umama. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama basi bibi huyu alikuwa ameteuliwa kuwa mama badala ya yule aliyekufa. Swali hilo nililifikisha kwa bibi kwa Kinyarwanda, kwa uangalifu ambao sikuwa nao mara ya kwanza.

Bibi aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua limeteuliwa. Akasema kwamba yeye na dada yake walinyonya ziwa moja, na kwamba mtoto alipochukuliwa walikuwa wawili waliomlilia. Kisha akamgeukia kijana wa Buyenzi na kumtaka alete chakula, maana mtoto ametoka mbali.